Kumtambua Kijidudu kwa MALDI-TOF: Mwongozo Kamili kwa Maabara za Uganda

Chupa ya damu ikishatoa ishara kwamba kuna kitu kinaota ndani yake, mgonjwa aliyeko wodini hana muda wa kungoja. Kwa vipimo vya kawaida vya sukari, indoli, sitrati na ureasi, jina la bakteria hupatikana baada ya siku moja au mbili zaidi, na muda huo wote daktari anatibu kwa kukisia. Mashine ya MALDI-TOF, ambayo ndiyo spektrometa ya tungamo iliyozoeleka zaidi katika maabara za mikrobiolojia, hutoa jina hilo dakika chache baada ya koloni, yaani kundi la bakteria walioota pamoja kwenye kisahani, kupakwa.

Ninamwandikia mtaalamu wa maabara anayeanza kuitumia mashine hiyo, na pia yule wa Arua, Soroti au Kabale anayetuma koloni zake kwenye maabara iliyo nayo. Nashikilia jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho: mashine haimwoni mgonjwa, wala haioni damu yake. Inaiona koloni uliyoipaka, basi. Jina sahihi hutokana na koloni safi na mtu anayejua ni majina gani hayapaswi kukubaliwa harakaharaka.

Mashine inafanya nini hasa

Unachukua koloni kidogo sana, unaipaka kwenye bamba la chuma, unaifunika kwa tone la kemikali iitwayo matriksi, kisha unaacha ikauke. Ndani ya mashine, kwenye ombwe, leza inalipiga doa hilo. Matriksi hufyonza nishati ya leza, huruka pamoja na protini za bakteria na kuzipa chaji. Protini zote husukumwa kwa nguvu ileile ya umeme ndani ya bomba. Boda boda mbili zenye injini sawa zikiondoka pamoja Wandegeya, iliyobeba mikungu ya matooke itafika nyuma ya ile isiyobeba kitu. Protini nazo ni hivyo: nyepesi hufika mapema, nzito hufuata, na muda wa safari ndio unaogeuzwa kuwa uzito.

Matokeo yake ni mchoro wa vilele kati ya dalton (kipimo cha uzito wa molekuli) 2,000 na 20,000. Sehemu kubwa ya vilele hivyo ni protini za ribosomu, ambazo kila bakteria anazo kwa wingi na hazibadiliki sana hata akioteshwa kwenye chakula tofauti. Kompyuta huulinganisha mchoro huo na michoro iliyomo katika hifadhidata. Kijidudu asiyekuwamo humo hawezi kutajwa, au atatajwa kwa jina la ndugu yake wa karibu. Kumbuka sentensi hiyo tutakapofika kwenye brusela, bakteria wa bruselosi.

Mbinu ya matriksi iliendelezwa miaka ya 1980 na Wajerumani Franz Hillenkamp na Michael Karas. Koichi Tanaka wa Japani alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2002 kwa kuonyesha kwamba leza inaweza kurusha protini nzima bila kuivunja. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mifumo miwili kwa kazi ya hospitali, Vitek MS na MALDI Biotyper. Hatua nitakazotoa zinafuata zaidi utaratibu wa Biotyper. Ukiwa na mfumo mwingine, alama na majina ya vitu yatatofautiana ila kazi ya mikono ni karibu ileile.

Hatua ya 1: Hakikisha sampuli inastahili mashine hii

Malaria haipimwi hapa. Hadubini na kipimo cha haraka vinafanya kazi hiyo vizuri. Virusi navyo si kazi ya kila siku ya MALDI-TOF. Hili nalisisitiza kwa sababu ya nchi tuliyomo na milipuko yake ya Ebola: Gulu mwaka 2000, Bundibugyo 2007, Mubende 2022, Kampala 2025. Mgonjwa akishukiwa kuwa na homa ya virusi inayosababisha kutoka damu, sampuli yake haifunguliwi kwenye maabara ya bakteria hata kidogo. Inafungashwa kwa taratibu zake, ofisa wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya anaarifiwa mara moja, na kipimo ni PCR, yaani kutafuta jeni za virusi, katika maabara zilizoteuliwa, kama ile ya Taasisi ya Utafiti wa Virusi iliyoko Entebbe.

Kinachobaki ni bakteria na kuvu waliokwisha kuota: kutoka damu, uti wa mgongo, usaha, mkojo, makohozi.

Hatua ya 2: Otesha vizuri, kisha piga rangi ya Gram

Tumia koloni changa, za saa 18 hadi 24, kutoka agari ya damu au agari ya chokoleti. MacConkey nayo huweza kutumika, ila ukiona alama zinashuka, rudia kwa koloni ya agari ya damu. Koloni iliyokaa kwenye friji siku kadhaa hutoa vilele dhaifu. Kwa bakteria wanaotengeneza spora, koloni kuukuu huongeza hatari kwako wewe mwenyewe.

Chagua koloni moja iliyojitenga. Kama kisahani kina mchanganyiko, otesha upya hata kama wodi inakupigia simu. Mashine ikipewa bakteria wawili kwenye doa moja, aghalabu humtaja mmoja tu na kumnyamazia mwingine, na huenda huyo aliyenyamaziwa ndiye anayemuua mgonjwa.

Rangi ya Gram usiiruke kamwe. Ni dakika tano, na ndiyo inayokupa cha kubishania na kompyuta. Mashine ikisema Staphylococcus aureus, ambaye ni Gram chanya wa mviringo mwenye rangi ya zambarau, wakati hadubini imekuonyesha vijiti vyekundu vya Gram hasi, amini hadubini, kisha utafute ni doa la nani ulilolisoma. Kukosea nafasi kwenye bamba lenye madoa 96 ni jambo la kawaida mno kuliko watu wanavyokiri.

Hatua ya 3: Jikinge na brusela na kimeta kabla ya kupaka

Hapa nitakaa kidogo. Ukanda wa ng'ombe unaoanzia kusini magharibi, Kiruhura na Mbarara, ukapita Nakasongola hadi Karamoja, una bruselosi kwa mifugo na kwa watu. Maziwa mabichi yanauzwa, ng'ombe wanazalishwa kwa mikono mitupu, na mgonjwa hufika hospitali na homa isiyoisha akiwa ametibiwa malaria na taifodi mara kadhaa. Damu yake ikioteshwa, chupa inaweza kuchelewa siku kadhaa kabla ya kutoa ishara. Kwenye Gram utaona vijiti vifupi sana, karibu mviringo, vyekundu hafifu, kama vumbi. Koloni ni ndogo, hukua polepole, oksidesi chanya, na ureasi kwa kawaida hugeuka upesi.

Ukiona picha hiyo, simama. Usinuse kisahani, usikifungue mezani, usipake koloni mbichi kwenye bamba. Brusela ni miongoni mwa bakteria wanaojulikana sana kwa kuwaambukiza wafanyakazi wa maabara, na njia yake ni hewa. Halafu kuna mtego wa pili: hifadhidata nyingi za kawaida zimeuzwa bila brusela, kwa hiyo mashine humtaja kuwa Ochrobactrum, jamaa yake wa karibu asiye na hatari kubwa. Mtaalamu asiyejua hili ataripoti Ochrobactrum, ataendelea kuchezea kisahani mezani, na mgonjwa hatapewa doksisiklini pamoja na dawa ya pili kwa majuma sita anayoyahitaji. Kila ukisoma Ochrobactrum kutoka damu, ichukulie kuwa brusela hadi ithibitishwe vinginevyo.

Kimeta ni hivyo hivyo. Viboko walikufa kwa kimeta katika Hifadhi ya Malkia Elizabeth mwaka 2004, na Kyotera ilikuwa na mlipuko kwa watu mwaka 2023. Mashine hushindwa kutofautisha kwa uhakika Bacillus anthracis na Bacillus cereus, na asidi fomiki ya kwenye bamba haiui spora zote. Vijiti vikubwa vya zambarau, koloni pana kavu isiyoyeyusha damu, mgonjwa aliyechinja au kula nyama ya mnyama aliyejifia: hayo yakikutana, peleka kazi kwenye kabati la usalama wa kibaiolojia, toa taarifa, na uache maabara ya rejea ithibitishe.

Hatua ya 4: Paka bamba

Kwa bakteria wengi wa Gram hasi, kupaka moja kwa moja kunatosha:

1. Gusa koloni kwa ncha ya kijiti cha meno safi. Unahitaji kiasi kidogo kuliko unavyodhani.
2. Sambaza kwenye doa hadi ubaki utando mwembamba unaoonekana kwa shida. Utando mnene kama siagi huharibu usomaji.
3. Weka mikrolita 1 ya matriksi ya HCCA, iliyoyeyushwa katika asetonitrili asilimia 50 na asidi ya trifluoroasetiki asilimia 2.5.
4. Acha ikauke yenyewe kwa joto la chumba. Fuwele ziwe za manjano na zimetandaa sawasawa.

Matriksi iwekwe mara tu utando unapokauka, kabla protini hazijaharibika.

Kwa Gram chanya na hamira kama Candida, ongeza hatua katikati: mikrolita 1 ya asidi fomiki ya asilimia 70, acha ikauke, ndipo uweke matriksi. Kuta zao ni ngumu, na asidi ndiyo inayozifungua.

Andika ramani ya bamba kabla ya kupaka, si baada. Paka kila sampuli kwenye madoa mawili.

Hatua ya 5: Uchimbaji kamili wa protini, inapobidi

Tumia njia hii kwa kijidudu hatari, kwa hamira sugu, au pale doa la moja kwa moja linapotoa alama hafifu. Changanya koloni katika mikrolita 300 za maji yaliyosafishwa, ongeza mikrolita 900 za ethanoli, tikisa. Zungusha kwenye sentrifuji kwa kasi ya juu dakika mbili, mwaga maji ya juu, zungusha tena, ondoa ethanoli iliyobaki na uache mashapo yakauke. Ongeza asidi fomiki ya asilimia 70, mikrolita 10 hadi 50 kulingana na wingi wa mashapo, tikisa, kisha ongeza asetonitrili kiasi hichohicho. Zungusha tena dakika mbili. Mikrolita 1 ya maji ya juu ndiyo unayoipaka, kisha matriksi.

Kwa kimeta, maji hayo huchujwa kwanza kwa kichujio cha mikromita 0.1 au 0.2 ili spora zisipite. Kazi yote hiyo ifanyike ndani ya kabati. Asetonitrili na asidi hizi zina madhara kwa ngozi na mapafu. Glovu na hewa inayopita ni lazima.

Hatua ya 6: Rekebisha mashine na usome alama

Kila bamba liwe na doa la kurekebishia, ambalo kwa Biotyper ni mchanganyiko wa protini za E. coli ulioongezewa protini mbili nzito. Weka pia kijidudu unachokijua, mathalani E. coli ATCC 25922 au S. aureus ATCC 29213, na doa moja la matriksi peke yake. Doa hilo tupu likitoa jina la bakteria, bamba halikusafishwa vizuri na matokeo yote ya siku hiyo hayatoki.

Alama za Biotyper husomwa hivi: 2.000 na kuendelea, jina la spishi linaaminika; 1.700 hadi 1.999, amini jenasi tu. Chini ya 1.700, hakuna utambuzi. Usiishie kwenye jina la kwanza. Tazama orodha nzima: kama majina kumi ya juu ni ya spishi mbili tofauti zenye alama zinazokaribiana, hujapata spishi hata kama alama ni 2.2.

Alama ikiwa ndogo, mpangilio wangu ni huu: paka upya kwa utando mwembamba zaidi, kisha ongeza asidi fomiki, kisha otesha koloni mpya, kisha fanya uchimbaji kamili. Mara nyingi tatizo huisha kwenye hatua ya kwanza.

Majina ya kutiliwa shaka

E. coli na Shigella ni ndugu wa karibu kiasi kwamba mashine ya kawaida haiwatenganishi. Sampuli ya kinyesi cha mtoto anayehara damu ikitajwa E. coli, angalia laktosi, mwendo na indoli, kisha antisera (kingamwili za kumtambua bakteria).

Salmonella hutajwa kwa jenasi. Mashine haitakuambia kama ni Typhi, nasi tuliopitia mlipuko wa taifodi Kampala mwaka 2015 tunajua tofauti hiyo ina uzito gani kwa afya ya jamii. Antisera za O9, Hd na Vi zisiishe kabatini eti kwa sababu mashine mpya imekuja.

Streptococcus pneumoniae huchanganywa na kundi la S. mitis, wakazi wa kawaida wa kinywa. Thibitisha kwa diski ya optokini na kuyeyuka kwenye chumvi za nyongo. Kwa maji ya uti wa mgongo, kosa hapa ni kosa zito.

Candida auris ni kinyume cha hao wote. Vipimo vya kemikali humkosea na kumwita Candida haemulonii, ilhali MALDI-TOF yenye hifadhidata mpya humtambua. Kwa wodi ya wagonjwa mahututi, hiyo peke yake ni sababu nzuri ya kulipia sasisho la hifadhidata kila linapotoka.

Moja kwa moja kutoka chupa ya damu

Njia ya kemikali ni hii: chukua mililita 1 ya mchuzi wa chupa iliyotoa ishara, ongeza saponini kuvunja seli za damu, zungusha, osha mashapo kwa maji, kisha endelea na uchimbaji wa Hatua ya 5. Hufanya kazi vizuri zaidi kwa Gram hasi kuliko Gram chanya, na chupa zenye mkaa huisumbua.

Mimi napendelea njia rahisi zaidi kwa maabara zetu: dondosha mchuzi kwenye agari ya chokoleti iliyopashwa joto, rudisha kwenye inkubeta saa nne hadi sita, kisha chota utando mwembamba unaoonekana kwa shida na uupake pamoja na asidi fomiki. Haihitaji kemikali ya ziada, na chupa iliyotoa ishara asubuhi huwa na jina kabla ya zamu ya mchana kuisha. Acha kisahani kiendelee kuota hadi kesho yake ili kuona kama kulikuwa na kijidudu wa pili.

Koloni inayosafiri

Kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500. Tuma koloni safi kwenye agari ya mteremko yenye kifuniko cha skrubu, si kisahani. Fungasha kwa tabaka tatu: chupa isiyovuja, kifungashio cha pili chenye kitu cha kufyonza maji, na boksi gumu la nje. Bakteria wa kawaida husafiri kama UN3373, namba ya kimataifa ya usafirishaji wa vitu vya kibaiolojia. Koloni za brusela, kimeta na kifua kikuu haziruhusiwi katika daraja hilo. Hizo ni UN2814, daraja la vijidudu hatari zaidi, na zinahitaji mtu aliyefunzwa. Waendesha pikipiki wa mfumo wa taifa wa kusafirisha sampuli wanafanya kazi ya kusifiwa, lakini zungumza na msimamizi wa kituo kwanza, usimkabidhi mtu mzigo asioujua.

Kuripoti

Piga simu wodini. Karatasi ifuate. Taja jina pamoja na maana yake kwa matibabu: Enterococcus faecium, ambaye ampisilini mara nyingi haimwezi, tofauti na E. faecalis; Stenotrophomonas maltophilia, sugu kwa asili dhidi ya antibiotiki za karbapenemu; Pichia kudriavzevii, ambaye madaktari wengi bado wanamfahamu kama Candida krusei, asiyeguswa na flukonazoli. Staphylococcus asiye aureus katika chupa moja tu kati ya mbili mara nyingi ni uchafu wa ngozi, na simu yako yaweza kumwondolea mgonjwa dawa asiyoihitaji.

Jina halielezi usugu. Kipimo cha diski za dawa kianze siku hiyohiyo.

Kifua kikuu

Kwa utambuzi wa haraka, GeneXpert, mashine inayosoma jeni za kifua kikuu moja kwa moja kwenye sampuli, inabaki mbele. MALDI-TOF ina nafasi kwa mikobakteria wasio wa kifua kikuu, ambao wanahitaji dawa tofauti kabisa. Koloni huuawa kwanza kwa joto la nyuzi 95 kwa dakika 30, kisha huvunjwa kwa shanga ndogo ngumu ndani ya asetonitrili na asidi fomiki. Ufanye hivyo tu katika maabara yenye ngazi ya usalama inayotakiwa.

Ukitaka kutafiti

Usugu wa karbapenemu unaweza kuonekana kwa mashine hiyohiyo. Changanya bakteria na ertapenemu, mojawapo ya dawa hizo, kwa saa chache, kisha tazama kilele cha dawa. Dawa nzima huonekana karibu na dalton 476. Ikivunjwa na kimeng'enya huongezeka 18, ikawa 494, au hupoteza kaboni dioksidi na kuonekana karibu na 450. Kilele cha 476 kikitoweka, kimeng'enya kipo. Weka daima bakteria asiye sugu na aliye sugu kama vidhibiti.

Kazi ninayoitamani zaidi kwa Afrika Mashariki ni kujenga michoro ya bakteria wetu wenyewe. Chukua koloni iliyothibitishwa kwa kusoma jeni, fanya uchimbaji kamili, paka madoa 8 na usome kila doa mara 3. Kati ya michoro 24, tupa yenye vilele vilivyopotoka, ubakishe angalau 20 ya kutengeneza mchoro rejea. Kwa kuchunguza mlipuko, nani kamwambukiza nani, mashine hii haitoshi. Hapo soma jenomu.

Utafiti unahitaji idhini ya kamati ya maadili na usajili katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na mkataba wa kuhamisha sampuli kama koloni zitavuka mpaka. Majina ya wagonjwa yabaki hospitali kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Kwenye kompyuta ya mashine iingie namba tu.

Kuitunza

Umeme ukikatika ghafla, ombwe hupotea na mashine huweza kuhitaji saa nyingi kurudi kazini. Nunua UPS (betri ya akiba) inayoweza kuibeba hadi jenereta iwake, na uiweke kwenye bajeti ya mashine tangu mwanzo pamoja na kiyoyozi na mkataba wa matengenezo. Bei ya mashine mara nyingi huzidi dola 100,000, wakati gharama ya doa moja ni ndogo. Maana yake mashine moja inayohudumia hospitali nyingi ina faida kuliko tatu zinazokaa bila kazi.

Bamba la kudumu lisafishwe kwa ethanoli ya asilimia 70, lifutwe, kisha lipitishwe asidi ya trifluoroasetiki ya asilimia 80 na kusuuzwa kwa maji yaliyosafishwa. Matriksi iliyoyeyushwa itunzwe gizani, na tarehe iandikwe kwenye kichupa. Koloni za damu na uti wa mgongo zigandishwe kwenye gliseroli kwa nyuzi hasi 80, na mchoro ghafi wa kila moja uhifadhiwe kwa namba hiyohiyo, ili hifadhidata ikisasishwa mwakani uweze kuyasoma upya majina yaliyokosekana leo.